Funga Kitabu, Ndipo Utakapokumbuka

Na mwanafunzi wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu

Mhariri ameniomba niandike juu ya njia za kusoma hata mambo yakae kichwani. Nimekubali kwa furaha, lakini si kwa sababu nilikuwa hodari wa kukumbuka. Nimekubali kwa sababu nilikuwa hodari wa kusahau, na kusahau kwangu kulimgharimu baba yangu ng'ombe mmoja.

Habari yenyewe ni hii. Nilipokuwa kidato cha nne nilikuwa msomaji mkubwa. Usiku nilikuwa wa mwisho kutoka darasani. Madaftari yangu yalijaa mistari ya penseli nyekundu, hata mwenzangu mmoja akasema yamepata surua. Daftari la historia nililisoma mara sita, toka mwanzo hata mwisho. Wiki ya mtihani sikulala ila kidogo sana. Basi siku ilipofika nikaketi, nikafunua karatasi, na maswali yote nikayatambua. Nilikumbuka jibu liko ukurasa wa kushoto, chini, na mstari mwekundu umepita juu yake. Lakini jibu lenyewe halikuja. Matokeo yalipotoka nilikuwa nimeanguka. Baba hakunigombeza. Aliuza ng'ombe wa maziwa, akalipa karo, nikarudia mwaka.

Katika darasa hilohilo alikuwako mwenzetu mmoja, mwana wa mjane, ambaye hakulala bwenini. Alitembea kilometa sita asubuhi na sita jioni. Kwao mafuta ya taa hayakupatikana kila siku, na jua likizama, basi, hapana kusoma. Vitabu vingine hakuwa navyo kabisa. Sisi wa bwenini tulimhurumia. Mtihani ulipotoka alitushinda sote. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, wewe ulikuwa ukisoma saa ngapi?" Akanijibu, "Njiani. Nikitoka shuleni najiuliza: leo somo la kwanza mwalimu alisema nini? La pili alisema nini? Nikikwama, asubuhi nafika mapema, naazima kitabu, nalitafuta lile lililonipotea." Nilidhani ananificha siri. Miaka mingi baadaye, niliposomea ualimu, ndipo nilipotambua kwamba alikuwa amenipa siri yote.

Jinsi tunavyosahau

Kwanza yafaa tujue adui yetu. Mtu wa kwanza kupima kusahau kwa hesabu alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, aliyetoa kitabu chake mwaka 1885. Hakuwa na wanafunzi wa kuwajaribu, kwa hiyo alijijaribu mwenyewe. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana yo yote, akazipanga kwa mafungu, akajifunza kila fungu mpaka alitamke bila kosa. Kisha aliliacha kwa muda, akarudi kujifunza fungu lilelile, akapima ni kazi kiasi gani imepungua kwa sababu ya kujifunza mara ya kwanza.

Aliona hivi. Saa moja tu ikipita, zaidi ya nusu ya faida ya kazi yake imekwisha potea. Baada ya siku moja imebaki kadiri ya theluthi moja. Baada ya mwezi imebaki kadiri ya moja kwa tano. Mwaka 2015 wataalamu wa Amsterdam, nchini Uholanzi, walirudia jaribio hilo, wakapata karibu mambo yaleyale.

Hapa kuna mafunzo mawili. La kwanza, kusahau si alama ya upumbavu. Ebbinghaus alikuwa mtu msomi, naye alisahau. Ukisahau somo la jana usiseme, "Mimi sina kichwa." Sema, "Mimi ni binadamu." La pili, kusahau kuna mbio nyingi mwanzoni, kisha kunapunguza mwendo. Kwa hiyo anayengoja hata wiki ya mtihani ndipo afungue daftari la mwezi wa pili, hafanyi marudio. Anajifunza upya, tena kwa haraka na kwa hofu. Ni kweli kwamba somo lenye maana halipotei upesi kama silabi za Ebbinghaus, walakini njia ya kupotea ni ileile.

Kufunga kitabu

Sasa tuje kwenye dawa. Wengi wetu tunadhani kwamba kusoma ni kuingiza mambo kichwani, na mtihani ni kuyatoa. Kwa hiyo twaingiza, twaingiza, twaingiza, na siku ya kutoa twaona mlango haufunguki. Ukweli ni kwamba kuyatoa mambo kichwani nako ni kujifunza, na kwa mambo ya kukaa siku nyingi, ndiko kujifunza kulio bora.

Jambo hili limejaribiwa. Mwaka 1939 mwalimu mmoja wa Kimarekani, Herbert Spitzer, alichapisha habari za watoto zaidi ya 3,600 wa darasa la sita katika jimbo la Iowa. Walisoma habari fulani, na baadhi yao wakaulizwa maswali mapema, wengine wakachelewa kuulizwa. Walioulizwa mapema walikumbuka zaidi siku za mbele.

Jaribio jingine, lililojulikana sana, lilitolewa mwaka 2006 na Henry Roediger na Jeffrey Karpicke katika mji wa St. Louis, Marekani. Kundi moja la wanafunzi lilisoma habari fupi katika vipindi vinne. Kundi jingine lilisoma kipindi kimoja tu, na vipindi vitatu vilivyobaki likaandika yote liliyoyakumbuka, bila kuangalia. Dakika 5 baadaye wasomaji wa vipindi vinne walikuwa mbele: walikumbuka 83 kwa mia, na wenzao 71 kwa mia. Lakini wiki moja ilipopita, wale wasomaji walikuwa wamebaki na 40 kwa mia, na wale walioandika walikuwa na 61 kwa mia. Tena wale waliosoma mara nyingi ndio waliokuwa na matumaini makubwa zaidi kwamba watakumbuka!

Hapo nilijiona mimi mwenyewe na penseli yangu nyekundu. Usomapo ukurasa kwa mara ya tano, maneno yanakuwa mepesi, nawe wasema moyoni, "Hili nalijua." Lakini kuutambua uso wa mtu njiani si sawa na kuweza kumtaja jina. Mtihani hauulizi kama unautambua uso. Unataka jina.

Basi fanya hivi. Soma fungu moja, ukurasa mmoja au miwili. Funga kitabu. Chukua karatasi tupu, uandike uliyoyasoma kwa maneno yako mwenyewe, au uyaseme kwa sauti kama unamfundisha mdogo wako. Utakwama, usifungue kitabu upesi. Jikaze kidogo, tafuta. Kisha fungua, usahihishe ulipokosea, na ulipoacha pengo ujaze. Hatua hii ya mwisho hapana ruhusa ya kuiruka, maana kosa lisilosahihishwa nalo laweza kukaa.

Tuchukue mfano kutoka jiografia. Kitabu chasema kwamba Mto Nile hutoka Ziwa Victoria karibu na Jinja, hupita Ziwa Kyoga, hushuka Maporomoko ya Murchison, huingia Ziwa Albert, kisha huelekea Sudan Kusini; na kwamba bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, likafunika Maporomoko ya Ripon. Msomaji mvivu atapiga mstari chini ya maneno hayo yote. Wewe yageuze yawe maswali, uyaandike pembeni mwa daftari: Nile hupita maziwa gani, kwa mfuatano gani? Kwa nini bwawa lilijengwa Jinja, wala si mahali mto unapokwenda polepole kati ya matete? Kwa nini mgeni afikaye Jinja leo hayaoni Maporomoko ya Ripon? Siku nyingine ukifungua daftari, funika maelezo kwa mkono, usome maswali tu, ujibu. Daftari la namna hii ni mwalimu anayekaa nawe hata likizoni.

Kidogo kidogo, lakini mara nyingi

Mkulima aliyepanda miche ya kahawa hamwagi pipa zima la maji siku ya kwanza, kisha akaenda zake mpaka mavuno. Maji yangetiririka bondeni na miche ikakauka. Na kichwa ni hivyohivyo.

Ebbinghaus alilijua hilo. Aliona kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawa na marudio 68 yaliyofanywa siku moja. Angalieni faida hiyo: kazi ikakaribia kupungua nusu, wala hakuongeza kitu ila kugawanya siku. Hata wenzetu wanaohifadhi Kurani kwa moyo wanaifuata njia hiyo. Mwenye kuhifadhi haongezi aya mpya bila kurudia zile za jana na za juma lililopita. Wazee waliposema haba na haba hujaza kibaba, hawakusema juu ya mtama peke yake.

Basi somo la leo lirudie leo jioni, kwa dakika 10. Lirudie tena kesho au keshokutwa, tena baada ya wiki, tena baada ya mwezi. Na kila mara, kurudia maana yake ni kujiuliza kitabu kikiwa kimefungwa, si kusoma tena.

Kwa maneno ya lugha, tarehe na kanuni za sayansi, iko njia ya kadi ambayo mwandishi Sebastian Leitner aliieleza katika kitabu cha Kijerumani mwaka 1972. Kata karatasi ngumu, hata boksi kuukuu lafaa. Upande mmoja andika swali, upande wa pili jibu. Tafuta kisanduku chenye vyumba vitatu. Kadi zote zianze chumba cha kwanza, ambacho utakiangalia kila siku. Ukijibu sawa, kadi ihamie chumba cha pili, cha kuangaliwa kila siku ya tatu. Ukijibu sawa tena, ihamie cha tatu, cha kuangaliwa mara moja kwa wiki. Ukikosa, kadi irudi chumba cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika mbali. Hivyo unatumia nguvu zako juu ya mambo usiyoyajua, wala hujifurahishi kwa yale uliyokwisha kuyashika.

Kuchanganya hesabu

Neno moja kwa wale wanaosumbuliwa na hesabu. Vitabu vyetu huweka mazoezi ya namna moja mahali pamoja: ishirini za asilimia, kisha ishirini za eneo la duara. Ufikapo ya tatu, mkono unaendelea wenyewe na akili imelala, kwa sababu huulizwi tena ni njia gani itumike. Katika mtihani hakuna anayekuambia.

Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor wa jimbo la Florida walitoa habari za wanafunzi waliofundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbo moja moja, kundi jingine likachanganya. Wakati wa mazoezi waliofanya umbo moja moja walipata 89 kwa mia, na wachanganyaji 60 tu. Wiki moja baadaye wakajaribiwa: wachanganyaji 63 kwa mia, na wale wengine 20! Kwa hiyo ukikwisha kuelewa njia, chagua mwenyewe maswali mawili ya mlango huu, mawili ya mlango uliopita, na moja la muhula uliopita, uyafanye pamoja. Utaona taabu zaidi na makosa zaidi. Usivunjike moyo, taabu hiyo ndiyo inayofundisha.

Kuelewa na kufunga mafungu

Msinielewe kwamba kukumbuka ni kukariri kama kasuku. Jambo lenye maana hushikwa upesi kuliko lisilo na maana. Jaribuni kuzishika tarakimu hizi kwa kuzitazama mara moja: 192219541962. Ni kumi na mbili, na wengi zitawashinda. Sasa zigaweni: 1922, mwaka ambao Makerere ilianzishwa, 1954, bwawa la Owen Falls, 1962, uhuru wa Uganda. Tarakimu ni zilezile, lakini sasa ni vitu vitatu tu, na kila kimoja kimefungwa kwenye jambo unalolijua. Katika kila somo jiulize, "Hili linafanana na lipi ninalolijua? Kwa nini ni hivi wala si vile?" Anayejua kwa nini hupata njia ya kurudi hata akisahau neno lenyewe.

Mfuatano usio na sababu waweza kuufungia sentensi ya mzaha. Kwa maziwa ya Nile mimi huwaambia wanafunzi wangu, "Vaa Kofia Asubuhi": Victoria, Kyoga, Albert. Wanacheka, hawasahau. Lakini kofia hiyo haitawaeleza maji hutoka wapi wala huenda wapi. Ni kishikio tu, na kishikio bila jembe hakilimi.

Usingizi

Jambo la mwisho ni lile nililolivunja kuliko yote. Mwaka 1924 Jenkins na Dallenbach, huko Marekani, walichapisha majaribio ya wanafunzi wawili waliojifunza mafungu ya silabi, mara wakaenda kulala, mara wakakaa macho. Baada ya saa zilezile, walikumbuka zaidi walipokuwa wamelala. Tangu hapo wataalamu wameliona jambo hili mara nyingi: wakati wa usingizi ubongo unaimarisha yale uliyojifunza mchana. Anayekesha usiku wa mtihani anafanana na mtu anayevuna mahindi mvuani na kukataa kuyaanika. Lala. Na usomapo, simu na iwe mbali nawe, maana akili iliyogawanyika haikumbuki kitu ambacho haikukipokea.

Mpango wa wiki

Wengine watasema, "Mwalimu, haya ni mazuri, lakini muda hatuna." Muda ninaouomba si mpya, ni uleule, mkiutumia kwa njia nyingine. Jaribuni hivi kwa wiki nne:

1. Kila siku, mwisho wa masomo, kabla ya chakula cha jioni, andika kwa kukumbuka mambo matatu makubwa ya kila somo. Dakika 15 zatosha.

2. Katika masomo ya usiku, anza na maswali ya jana na ya juma lililopita, daftari likiwa limefunikwa. Ndipo uingie kazi mpya.

3. Jumatano na Jumamosi, kaeni watu wawili wawili, mwulizane. Asiye na kitabu akae na mwenye nacho. Mmoja ashike kitabu, mwingine ajibu, kisha mbadilishane.

4. Jumapili jioni, fanya hesabu tano zilizochanganywa, na uangalie kadi za chumba cha tatu.

5. Saa ya kulala ikifika, lala.

Wengine watasema, "Nikijijaribu nakosa mno, naona haya." Ndugu zangu, haya ya kukosa peke yako chini ya mwembe ni ndogo. Nimekwisha kuonja haya ya kukosa mbele ya karatasi ya mtihani, na ya kumtazama baba akilifungua zizi alfajiri, akampeleka ng'ombe mnadani. Mwaka ule wa kurudia niliitupa penseli nyekundu, nikawa natembea uwanjani jioni, nikijiuliza kama yule mwana wa mjane. Nilishinda. Lakini ng'ombe hakurudi.

Maswali

Sasa geuzeni gazeti, msitazame nyuma, mjibu:

1. Kwa nini mwandishi aliyatambua maswali yote na bado akaanguka?
2. Ebbinghaus aliona kusahau kuna mbio wakati gani?
3. Katika jaribio la mwaka 2006, nani waliokuwa mbele baada ya dakika 5, na nani baada ya wiki?
4. Kadi ikikoswa katika chumba cha tatu, yaenda wapi?
5. Kofia huvaliwa lini, na maziwa yake ni yapi?

Mkijibu yote leo, vizuri. Mjiulize tena Jumapili ijayo. Wale wenzangu wa zamani wenye watoto shuleni, nawaomba jambo moja: mtoto akifika likizo, msimwulize tu, "Umesoma?" Mwambieni, "Nifundishe." Kwa herini.